Mistari Miwili ya Pimamaji

Mtaani walimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, kwa kuwa hapakuwa na sakafu iliyoweza kumdanganya. Tangu ujanani alipiga magoti kwenye saruji akitandaza vigae vya watu, mpaka goti la kulia likasalimu amri na madaktari wakalipasua. Alikaa chumba cha chini katika jengo la ghorofa nne lisilo na lifti. Mama yake, aliyepooza upande mmoja, alitunzwa na bintiye, mdogo wake Pimamaji, ghorofa ya juu kabisa. Tangu upasuaji, mama na mwana waliishia kusikilizana kwa simu.

"Umefika ngazi ya ngapi leo, mwanangu?" mama aliuliza kila asubuhi.

"Nimefika kwenye kandambili, mama."

"Na mimi nimefika ukingo wa kitanda. Nani mzee hapo?"

Mdogo wake alipendekeza majirani wambebe hadi juu. Alikataa katakata.

"Nibebwe kama mfuko wa saruji, mama akinitazama? Nitapanda kwa miguu yangu."

Tatizo lilikuwa paja. Msuli wa mbele ulikuwa umesinyaa, ukasahau kazi yake. Kila alipokanyaga kwa mguu huo, goti liliachia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mcheshi, alimbandika vibandiko vyenye nyaya kwenye mapaja yote mawili. Nyaya ziliingia katika mashine ndogo yenye kioo, ambapo nguvu ya kila msuli ilionekana kama mstari. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulilala fofofo.

"Huyu mvivu ndiye wa kumwamsha. Kaza yote mawili mpaka mistari ilingane."

"Kulinganisha ndiyo kazi yangu, dokta."

Akaazimwa mashine, akaenda kujifungia nayo. Baada ya muda mistari ilikaa sawasawa. Alimpigia mama: "Iko sawa kama sakafu ya benki!" Mama akaagiza shuka zifuliwe, mgeni yu njiani.

Kliniki, mtaalamu alimtazama akikaza, tabasamu likafifia. Akaligusa paja la kushoto: laini.

"Fundi, mbona huu mzima umeulegeza?"

"Si ulisema ilingane?"

Kigae kikizidi mwenzake, fundi hukigonga kile kilichoinuka mpaka kishuke. Ndivyo alivyofanya: aliushusha mstari wa mguu mzima ukafanana na wa mguu mgonjwa. Msuli wa kulia haukuwa umepata nguvu hata chembe.

"Nami nilikosea kusema," mtaalamu alikiri. "Tunaanza upya. Utapanda, ila si karibuni."

Mama hakuambiwa. Pimamaji alikaza upya, meno yakisagana, na safari hii mstari wa kulia ulianza kunyanyuka kweli. Kisha ikaja asubuhi ambayo simu haikulia. Alisikia vishindo ngazini, akatoka na magongo yake. Majirani wanne walikuwa wanateremka polepole, wamembeba mama, uso umefunikwa. Alinyoosha mkono ashike pembe moja ya machela.

"Kaka, acha, utaanguka," mdogo wake alimwambia.

Akajibana ukutani, wakapita.

Goti lilipona hatimaye. Alipanda ghorofa zote bila kushikwa, akaingia chumba ambacho kitanda kilikuwa kimekwisha kutolewa. Mdogo wake alimvutia kiti, hakukitaka. Aliketi sakafuni.

"Uliniambia nibebwe," alisema.

 Dada aliketi chini kando yake, akamwacha alie.