Kila Anayemwita Doto Huuliza Kulwa Yuko Wapi

Wapendwa wa ukurasa huu, jina langu nimeomba lifichwe. La mwanangu nimeomba liachwe, maana bila hilo hamtaelewa kinachonisibu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Temeke. Nimeolewa na Msukuma, tunaishi Tabata kwenye vyumba viwili vya kupanga. Nina mtoto wa kiume anayekaribia miaka mitatu na mimba ya miezi minane. Mwanangu anaitwa Doto.

Najua mmeshauliza moyoni. Doto ni pacha wa pili, basi Kulwa yuko wapi? Kulwa alitangulia kuzaliwa na akatangulia kuondoka, hata arobaini sijatoka. Mume wangu alimbeba mwenyewe mikononi, amefungwa kwenye khanga yangu, wanaume wakaenda kuzika. Mimi nilibaki kitandani na Doto kifuani. Mpaka leo kaburi silijui, na mume wangu hakuwahi kulitaja.

Kwetu Temeke wangeitwa Hasani na Huseni, na Huseni angekua bila kuulizwa kitu, maana wako wengi wenye jina hilo. Lakini ukweni majina ya mapacha hayana mjadala, na kumbadilishia jina aliyebaki wanaona ni kumkana aliyekufa. Nikakubali. Sikujua nimekubali kuulizwa kila siku ya Mungu, dukani, bombani, kliniki. "Ee, Doto! Kulwa umemwacha wapi?" Watu wanatania tu, wanamfinya mtoto shavu, wanajitwika ndoo zao wanakwenda. Mimi namshika Doto mkono narudi nyumbani.

Tumbo lilipoanza kuonekana, mama mmoja jirani anayeuza maandazi akamuuliza kama kawaida yake, "We Doto, Kulwa yuko wapi?"

Mtoto hakubabaika. Akaweka kiganja tumboni kwangu, akasema, "Humu."

Naapa hakuna aliyemfundisha. Yule mama alicheka mpaka machozi, nami nikacheka ili asinione nilivyoshtuka. Jioni nikamsimulia mume wangu nikidhani atacheka pia. Hakucheka. Alimwita Doto akamuuliza mwenyewe, akarudia tena, na mtoto akajibu vilevile. Baba mtu akainuka, akaenda uani, akanawa uso muda mrefu sana.

Tangu hapo nyumba yangu si ile. Mume wangu alipunguzwa kazi kiwandani, sasa anauza mitumba ya watoto. Zamani akiona shati zuri anamletea Doto moja. Siku hizi analeta mawili yanayofanana. Moja anamvisha Doto, la pili analikunja vizuri analiweka sandukuni. Nilidhani anamwekea huyu anayekuja, nikafurahi. Juzi nikiwa natafuta nepi za zamani nikayatoa, nikayakunjua. Hakuna hata moja la mtoto mchanga. Yote ni saizi ya Doto.

Nilikaa kitandani na vile vishati mapajani, nikaogopa, ndugu zangu. Nilimwogopa mume wangu, mtu mpole ambaye hajawahi kuninyanyulia mkono. Aliporudi nikamuuliza ana maana gani.

"Mama Doto, mtoto mwenyewe keshasema," alinijibu taratibu. "We unabisha nini? Kulwa anarudi. Huyu ataitwa Kulwa."

"Na akiwa wa kike?"

"Hata wa kike anaitwa Kulwa."

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Shinyanga kunisubiri nijifungue, alimkatalia palepale. "Anayefuata mapacha ni Shija, mwanangu. Kulwa tulimzika. Mwache alale." Nilishukuru kupata mtetezi. Baadaye nikatafakari nikaona ni yaleyale. Msukuma yeyote akisikia Shija atajua kuna mapacha waliotangulia, na ataanza kuwatafuta kwa macho. Mimi namtaka mtoto huyu aanze na yeye mwenyewe. Nilitaka nimpe jina la kwetu, lolote lile, mradi asizaliwe kujaza nafasi ya mtu.

Nikalisema hilo. Mume wangu akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu yale mazishi akayataja. "Nilimzika mimi, we hukuwepo. Usinizikishe tena." Niwaambie ukweli, hasira zangu zote ziliishia hapo. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mkaidi, nikakuta nimeolewa na mfiwa. Nikimnyima jina hili sijui kama atampenda huyu mtoto, na nikimpa sijui atakuwa anampenda nani.

Ningeweza kuendelea kumeza haya kama si jana mchana. Nilikuwa barazani nachambua mchele. Doto akaja amevaa moja kati ya yale mashati yanayofanana, akaegemeza sikio tumboni kwangu, akatulia.

"Mama, Kulwa akitoka, mie ndo naingia?"

Nikadhani sikusikia vizuri. "Uingie wapi, baba?"

"Humu. Yeye anatoka, mie naingia."

Hakuwa analia, hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa ameshavua kandambili zake na kuzipanga pembeni ya mkeka, kama tulivyomfundisha afanye akitaka kuingia ndani.

Nishaurini, jamani, maana nimebakiza wiki chache. Huyu wa tumboni nimwite nani bila kumvunja baba yake? Na huyu aliye nje nimwambie nini aelewe kwamba hatakiwi kumpisha mtu? Jana nilimvalisha kandambili zake, akazivua, nikamvalisha tena.