Siku Tuliyowasha Hita Hadi Kiganjo

Shule niliacha darasa la sita, na nyanya nilizouza sokoni Kagio ndizo zilizoninunulia pikapu. Nasema hivyo bila aibu. Kwa hivyo binti yetu alipomaliza mafunzo ya upolisi Kiganjo, nilikataa katakata mama yake apande gari la watu; gari yangu, nikamwambia, iko na kila kitu. Gwaride lilikuwa la saa nne, na tuliambiwa likianza lango linafungwa.

Kabla ya Karatina, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Nikaegesha kando, nikafungua boneti. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka, maji yote yamemwagika.

"Uliweka ile dawa ya kijani ya kupoza injini fundi alisema?" mke wangu akauliza.

"Mimi naweka maji ya mto, yametoka mlimani. Hakuna kitu baridi kuliko hiyo."

"Naona vile imepoa."

Nikanyoosha mkono kwa kifuniko cha rejeta. Akanivuta koti. "Ngoja kwanza, mzee. Huyo msichana anataka kuona baba yake akiwa na uso."

Tukangoja. Saa tatu ikapita, naye akitazama saa kwenye simu. Injini ilipopoa nilikata kipande cha tyubu kuukuu ya gurudumu, nikaufunga ule mpira kwa nguvu zangu zote, tukajaza maji ambayo mke wangu aliomba kwenye boma la karibu. Kisha nikakumbuka ujanja wa madereva wa malori: washa hita hadi mwisho, ivute joto la injini.

Tukapanda vilima hita ikitupuliza kama jiko, mimi na tai aliyonifunga asubuhi, yeye na suti yake ya sufi ya kanisani. Hakuvua hata kilemba.

"Ati gari yako iko na kila kitu," akasema, akinipangusa jasho kwa leso ili nione barabara.

Tulipita langoni askari akiwa ameanza kulivuta.

Baada ya gwaride binti yetu alitujia mbio, akakumbuka sare yake, akasimama wima na kunipigia saluti. Kisha akanitazama macho.

"Baba, umelia?"

"Ni hita," mke wangu akamjibu, akiirudisha leso mkobani. "Imemsumbua njia yote."

Hita nilikuwa nimeizima langoni, zaidi ya saa nzima iliyopita.