Miti Iliyokonda

Mti haukondi. Huo ndio msimamo niliokuwa nao asubuhi nilipoyakunja makaratasi ya binti mmoja mwanafunzi na kuyatia mfukoni mwa koti, wala sikuona haja ya kuufikiria mara ya pili. Nilikwisha kustaafu, lakini kituo cha utafiti kilichomo msituni, juu ya Lushoto, kiliniomba niendelee kuwasimamia wanafunzi wanaokuja fildi, na hakuna ripoti iliyotoka pale kwenda chuoni bila saini yangu. Binti huyo aliihitaji kabla ya Ijumaa. Angeikosa, angerudia mwaka wake wa mwisho.

Kazi aliyopewa ilikuwa kupima upya unene wa miti arobaini ya mteremko wa mashariki, kila mti ukiwa na kibati chake chenye namba, kisha kulinganisha na vipimo nilivyovichukua mimi mwenyewe miaka sita nyuma. Kwa mujibu wa makaratasi yake, miti ishirini na minane ilikuwa imepungua. Mti mmoja, mkulo mkubwa, ulipungua sentimita nne nzima.

Nikiwa ninakunywa chai, mwanafunzi mwenzake, kijana anayependa sana kuchekesha watu, alinijia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, mimi si mmbea, ila..."

"Kama si mmbea, sentensi yako imekwisha."

Akacheka, asikome. "Yule binti wa kule Mnazi, bondeni, baridi imemshinda. Kwao joto, huku anajaza fomu kitandani na mablanketi mawili. Watu wamemwona."

"Watu gani?"

"Watu tu, mwalimu."

"Wewe umemwona?"

"Nimesikia."

Mpishi, mama wa makamo ambaye hakuna neno linalompita, akadakia kutoka jikoni: "Mimi sikusikia, baba, nimeona. Viatu vyake vinarudi vikavu. Msitu gani huu wa kurudi na viatu vikavu?"

Maneno ya kijana niliyatupa, lakini ya mpishi niliyachukua, maana aliyeona si sawa na aliyesikia. Nilikwenda mlangoni pa bweni nikaviangalia viatu. Vilikuwa vikavu kweli. Nikamwita binti mwenyewe.

"Twende mteremkoni. Utapima mbele yangu."

Hakubisha. Alipita stoo, akavua viatu vyake, akavaa mabuti ya mpira yaliyojaa tope la jana. Hoja ya mpishi ikafia hapo. Hata hivyo sikumwamini. Buti lenye tope huthibitisha tope tu. Njiani, ndani ya ukungu, nikamtega.

"Mti wa kumi na saba una nini pembeni?"

"Upupu, mwalimu. Ukisimama kushoto utajua mwenyewe."

Tulipofika nilikwenda kushoto kuthibitisha. Ulikuwapo. Nilijikuna hadi kwenye mkulo.

Pale alisimama upande wa juu wa mteremko, akasimika fimbo yake ya mita moja na sentimita thelathini, akazungusha tepi shinani kwenye ncha ya fimbo. Akasoma. Nikamnyang'anya tepi, nikapima mwenyewe. Namba ilikuwa ile ile iliyokuwa mfukoni mwangu.

Wazo jingine likanijia, nami nalikiri kwa kuwa lilikuwa wazo langu: anayeweza kughushi vipimo hashindwi kuhamisha kibati kutoka mti mnene kwenda mwembamba. Zamani niliuzungushia kila mti mstari wa rangi nyekundu mahali nilipopima. Nikatoa kisu, nikaanza kukwangua kuvumwani ya kijani iliyolifunika shina, nikitarajia kutokuta rangi yoyote.

Niliikuta. Ilikuwa imefifia, na ilikuwa chini ya pale alipopima binti kwa zaidi ya shubiri, mahali ambapo shina ni nene zaidi. Nikapima pale kwenye rangi: mkulo ulikuwa umenenepa kidogo, kama mti wowote wenye afya.

Nikashuka upande wa chini, njia inakopita, nikasimika fimbo. Ncha yake iligusa rangi.

Kanuni inasema kwamba mti wa mteremkoni hupimwa kutoka upande wa juu. Kanuni hiyo nimewafundisha wengi, na wengine nimewafelisha kwayo. Miaka sita nyuma mimi nilipima nikiwa upande wa chini; huenda siku ile mvua ilinyesha, huenda nilichoka. Sikumbuki, na sitajitetea kwa jambo nisilolikumbuka. Ile miti kumi na miwili ambayo haikukonda, tuliikuta yote mahali tambarare.

"Mwalimu," alisema taratibu, "labda waliopima zamani..."

"Aliyepima zamani ni mimi."

Akainamisha macho. "Sasa nifanyeje? Ijumaa ni keshokutwa."

"Tutapima mara mbili. Pako na pangu."

Tulipima siku mbili, yeye juu, mimi chini, na hatukuzungumza ila namba. Alhamisi jioni akaniletea ripoti. Sehemu ya kueleza kwa nini miti ilionekana kukonda, alikuwa ameandika: kutokana na tofauti za mbinu.

"Mbinu za nani?"

"Za... zamani, mwalimu."

"Andika aliyekosea."

"Siwezi kukuandika, mwalimu. Wewe ni kama babu yangu."

"Babu yako amekosea. Au unataka nitie saini uongo?"

Alikaa mezani, akashika kalamu. Akaandika mstari mmoja wenye cheo changu na kosa langu. Nikausoma mara mbili, nikasahihisha herufi moja, nikatia saini chini yake.