Baiskeli Isiyo na Breki

Mwalimu wetu wa fizikia pale Nakuru alipiga pasi hata soksi, na chaki aliishika kwa leso. Swali likitaja kitu kinachoanza kikiwa kimetulia, alinyamaza kidogo, kana kwamba anakingoja kiondoke. Siku tulipolikataa jibu lake la baiskeli inayoteremka, alituongoza hadi mteremko wa Menengai, akamwachia Nicodemus, kiranja wetu, saa yake ahesabu sekunde, akang'oa breki za baiskeli yake.

“Mwalimu, utakufa!”

“Breki inagusa gurudumu. Itaharibu hesabu.”

Akajiachilia. Mungu wangu! Alitupita kama jiwe, akazama kwenye ua wa miiba. Akatoka uso umejaa damu.

“Sekunde ngapi?”

Hakuna aliyejua; sote, hata Nicodemus, tulikuwa tumefumba macho. Akaanza kuisukuma baiskeli kurudi juu.