Mpaka Katikati ya Barabara Yetu

Mama mdogo alikuwa amengojea shamba miaka minne. Hakutaka ekari, alitaka kipande kidogo tu, cha aina ambayo kaunsili, yaani serikali ya mtaa, huwakodisha wakazi wapande mboga. Ni muuguzi, na nilipomaliza chuo nikahamia kwake Kenton, huku ughaibuni. Alitaka kupanda managu, mboga chungu ya nyumbani. Spinachi ya huku, husema, ni maji yaliyopakwa rangi.

Jumamosi moja nilikuwa nimetuma maombi ya kazi, na ili nisikae nikiwaza kama barua yangu ilikuwa ndefu mno au fupi mno, nikafungua ramani ya kaunsili mtandaoni. Pembeni ina visanduku: ukibofya hiki zinatokea shule, kile yanatokea mapipa ya taka, kingine miti isiyoruhusiwa kukatwa. Nikabofya vyote. Ramani ikajaa madoa kama mtoto mwenye surua, nami nikawa nacheka peke yangu. Nimesomea jiografia, huu ulikuwa uhondo.

Kisanduku cha mwisho kilikuwa cha mpaka wa kaunsili. Mstari mnene ukajichora katikati ya barabara yetu, na nyumba yetu ikabaki nje. Nikavuta picha karibu. Nikazima, nikawasha tena. Nikatoka mlangoni kuhakikisha namba ya nyumba.

"Mama mdogo, uliomba shamba kaunsili gani?"

"Yetu. Ya Kingsbury, ninakonunua unga, ninakosali."

"Sisi hatumo. Mpaka uko hapo nje, kwenye lami."

Kodi yetu ya nyumba inajumuisha kila kitu, hata malipo ya kaunsili, kwa hiyo barua za kaunsili humwendea mwenye nyumba. Mama mdogo alikuwa amejihesabu mkazi wa Kingsbury kwa sababu ya duka na kanisa tu.

Alivaa miwani, akainama kwenye kompyuta. "Yaani miaka minne naomba ardhi kwa majirani!" Akacheka hadi akaketi. Mimi nilikuwa nawaza kama ni kosa la jinai.

"Acha kuwaza, mwanangu. Fungua ramani ya kwetu."

Bustani za kukodisha karibu zote zilikuwa nyekundu, orodha ya kungojea imefungwa. Moja tu, nyuma ya reli, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ilikuwa ya kijani: nafasi zipo. Nilipiga kelele. Fomu ilitaka tuweke alama juu ya nyumba yetu. Kidole kikateleza, alama ikatua makaburini.

"Umenizika hata sijapanda!"

Nikairudisha. Nikaisoma fomu mara tano kwa sauti. Kabla ya mara ya sita, mkono wake ulipita juu ya bega langu ukabofya Tuma.

Jibu lilikuja Jumanne akiwa wodini: nusu ya kiwanja ni yake, akikubali ndani ya wiki. Nilimpigia wakati wake wa mapumziko. Akapiga kigelegele, na nikasikia mwenzake akiuliza nani amejifungua.

"Kubali sasa hivi!"

"Hatujakiona. Labda kuna kivuli, labda udongo ni mzito..."

"Si una ramani wewe? Niangalizie jua."

Nilikuwa tayari naangalia. Miti yote ilisimama upande wa kaskazini, na kusini, ambako jua la huku hupitia, hakukuwa na ghorofa hata moja.

"Jua la kutwa," nikamwambia, nikabofya Kubali.