Benchi la Wenye Homa

Sikiliza, dada unayesoma, nikueleze polepole. Kwetu Heru Juu mimba changa haitajwi. Ukiitaja mapema, wanasema, kuna asiyeonekana anayesikia. Kwa hiyo kichefuchefu changu kilipokatika ghafla asubuhi moja, na matone ya damu yakafuata, sikumwambia hata mume wangu. Mwili ulikuwa kimya, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama bila kuaga.

Nilipanda bodaboda hadi kliniki mjini Kasulu. Kwenye benchi tulikuwa wanawake watatu, kila mmoja kajifunga kitenge juu ya tumbo lisiloonekana bado. Tulipoulizana, wote tulijibu kwamba ni homa. Hakuna aliyetetemeka. Tukakaa tukitazama mlango, nami nikahisi kwamba tupo zaidi ya watatu.

“Homa gani hii inayokulisha udongo?” mkubwa wetu akamnong'oneza mwenzetu aliyekuwa akitafuna. “Mimi yangu ina miezi miwili. Kila nikisinzia naota mtu ananiita kutoka migombani. Siitiki.”

Yule wa udongo akaacha kutafuna. “Hata mimi naitwa.”

Ndipo nikawaambia habari ya damu.

“Mdogo wangu, inuka,” mkubwa akasema. “Hiyo haingoji foleni.”

Wakanipitisha mbele. Kwenye kipimo cha picha moyo wa mtoto ulionekana ukidunda, mdogo, wa haraka. Si wote hupata bahati hiyo. Ukiona damu katika mimba changa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, umwambie muuguzi kabla hujaketi.