Ngozi ya Moswa Mbele ya Dirisha la Josias

Bibi yangu, Jemima Wabano, hajawahi kumfokea mtu mzima. Kwetu, sisi wenyeji wa kaskazini kwenye barafu, haifanyiki. Mtu mzima haambiwi afanye nini wala haulizwi ana nini. Ukimwona anaelekea mtoni na barafu imeshalegea, utasema tu kwa sauti, kama unaongea na mbwa, kwamba barafu ya mwaka huu ni nyembamba. Basi hasira zote za Bibi zinaishia kwenye ngozi. Akiudhika, anakwangua. Mwezi wa tano mwaka huu alikwangua mpaka nikaogopa ataitoboa.

Kilichomuudhi ni karatasi.

Hema lake la kazi ya ngozi liko nyuma ya duka tangu kabla sijazaliwa. Wanawake wanakuja, wanakwangua ngozi za moswa, yule paa mkubwa kuliko farasi, wanazoletewa na wawindaji, wanazisugulia ubongo wa mnyama zilainike, wanakunywa chai ya maziwa ya kopo. Katikati ya kazi wanayasema mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akikaa mikono mitupu. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni, macho yote yako kwenye ngozi. Halafu serikali na baraza letu wakaingia ubia wa afya na uponyaji. Mtu wa baraza akaandika kwamba hema letu ni mahali pa uponyaji, tukapewa turubai jipya na jiko. Tukafurahi kama wajinga.

Pamoja na turubai akaja Bi Meredith, afisa wa ubia. Anashuka na ndege ndogo kila baada ya wiki tatu. Si mtu mbaya, na huwa analeta machungwa. Lakini anauliza!

"Bibi Jemima, kwa kipimo cha moja hadi tano, wiki hii unajisikia umepona kiasi gani?"

Bibi akaitazama ngozi. "Upande wa shingo bado mgumu," akasema.

Bi Meredith akaandika mbili. Agatha, binamu yake Bibi, alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

Hayo yote Bibi aliyavumilia. Lililomshinda ni la Babu Josias.

Babu Josias ni mdogo wake Bibi. Alichukuliwa na ndege ya serikali akiwa na miaka sita, akapelekwa shule ya bweni mbali huko kusini, akarudi kijana mkubwa asiyesema. Anaishi peke yake karibu na mto. Mimi mwenyewe shule ya mjini ilinishinda kwa miezi minne tu nikarudi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, kwa hiyo yake siwezi kuyajua. Baridi iliyopita alianza kutuletea kuni zilizooza, zile nyekundu zinazovunjika mkononi, kwa sababu ngozi bila moshi wa kuni hizo haifai: ikinyeshewa mara moja inakuwa ubao. Mwanzoni aliziacha nje. Baadaye akawa anasimama mlangoni. Mwezi wa nne akakaa, akashika upande wa pili wa ngozi, akavuta na Bibi. Siku moja akasema, hata hakuulizwa:

"Kule hawakutuita majina. Mimi nilikuwa sitini na mbili."

Bibi alivuta tu upande wake. Lakini usiku ule aliniambia alikuwa ameyasubiri maneno hayo miaka hamsini na tano.

Wiki iliyofuata Bi Meredith akashuka na fomu mpya na bahasha ya kadi zenye kamba. Kila anayekuja hemani apewe namba, majina yasijulikane mjini. Anatulinda, akasema.

"Na huyu baba tumpe kumi na moja."

Babu Josias aliitazama ile kadi. Akaiweka ngozi chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka.

"Haya, mama wa serikali," Agatha akasema, "huyo umeshamponya."

"Nimefanya nini?"

Bibi akamweleza kwa maneno machache, huku anakwangua. Bi Meredith akawa mwekundu, machozi yakamlenga. "Nimfuate nikamwombe radhi?"

"Miguu ni yako," Bibi akasema.

Kwetu hakuna katazo kali kuliko hilo. Bi Meredith akashukuru, akaenda! Akagonga mlango wa Babu Josias nusu saa nzima. Aliporudi, uso wa Bibi ulikuwa umepauka kwa hasira.

"Lakini si ulisema niende?"

"Nilisema miguu ni yako!"

Babu Josias hakuonekana tena. Ngozi ile ile aliyoiacha ilikuwa imeshalainika na kushonwa kama mfuko, bado moshi tu, na mawingu ya mvua yalikuwa yanajikusanya.

"Mtume huyu mtoto akamwite," Agatha akasema, akininyooshea kidole.

"Akamwite mzee wake? Umerukwa na akili, Agatha?"

Asubuhi ya siku ya ishirini tangu atoke hemani, Bibi akaikunja ngozi, akaipakia kwenye mkokoteni, tukaenda mpaka kwa Babu Josias. Hakugonga. Alisimamisha miti mitatu mbele ya dirisha lake, akatundika ngozi chini mno, akawasha moto kwa kuni kavu, zile za miali isiyo na moshi. Kavu! Nikafungua mdomo. Akanitazama. Nikaufunga.

"Nadhani ndivyo inavyofanywa," akaniambia kwa sauti kubwa.

Moto ukaruka. Pazia likatikisika, likatulia. Ukingo wa ngozi ukaanza kujikunja. Ilikuwa kazi ya baridi nzima ile, lakini Bibi hakuiondoa.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Jemima! Nani alikufundisha, kunguru? Unakausha ngozi au unapika supu?"

"Kuni zako zimetuishia."

"Zimeisha, ndiyo mkaona mnichomee nyumba?" Akautawanya moto kwa teke, akazunguka nyuma ya nyumba akirusha maneno, akarudi na kuni nyekundu kifua kizima. "Miaka yote hiyo na hajui kuni! Nyanyua huko. Nyanyua, dada, mikono imekufa?"

Tulikaa kwenye moshi mpaka mchana. Kipande kama kiganja kilikuwa kimeungua, Bibi akakikata.

"Yule wa machungwa," Babu Josias akasema, "bado ana kadi zake?"

"Sijui. Sijamuuliza."

"Siku akija, unaweza kumwambia mbwa kwamba mimi naitwa Josias."

Bi Meredith aliposhuka, Bibi akamwambia mbwa. Safari hii Bi Meredith alisikia. Alizirudisha kadi kwenye bahasha, akakaa, akashika kikwangulio vibaya, na hakuuliza kitu kwa saa nzima, jambo ambalo nadhani lilimuumiza.

Fomu imesharudishwa kutoka mjini mara mbili, eti safu ya namba haijajazwa. Ya tatu imefika jana. Bibi anakwangua. Upande wa pili Babu Josias anavuta na kumwambia apunguze nguvu, ataitoboa.